Mdoli wa mtoto wa mwaka na miezi minne: nichukue upi hapa Mtwara?

BintiShangani

Habarini za humu ndani wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne, na bado kila anachoshika kinaishia mdomoni. Siku hizi analaza kijiko na kukifunika kitambaa, kwa hiyo naona muda wa mdoli umefika. Madukani mjini ipo ya aina tatu: wa plastiki tupu wenye nywele ndefu, wenye kiwiliwili cha kitambaa na kichwa cha plastiki, na ule unaolia ukiubonyeza tumbo. Bibi yake anasema tusihangaike, tumpe kinyago kidogo cha mpingo. Bajeti ni elfu ishirini. Nikague nini kabla ya kulipa? Au nishone?

MleziLindi

Dada, kwa umri huo kiwiliwili kiwe cha kitambaa, wa dukani au wa kushona. Urefu wa sentimita 25 hadi 33 unatosha, na uzito usipite gramu 400 hivi. Mtoto wa mwaka na nusu hambebi mdoli kifuani, anaushika mkono mmoja na kuuburuza. Kwa hiyo mkono wa mdoli uwe mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, na uwe umeshonwa kwenye bega, si kuchomekwa. Mikono ya kuchomeka inachomoka, na tundu linalobaki linakusanya mchanga na maji.

Dukani anza na macho. Macho yanayofumba na kufumbuka yaache. Yanafanya kazi kwa kipande kizito kilichofichwa ndani ya kichwa, na kope zake zimebandikwa kwa gundi tu. Kichwa kikipasuka, vyote vinatoka. Yanayofaa ni macho ya kudarizi, au yaliyochongwa pamoja na uso na kupakwa rangi. Rangi yenyewe isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa kwa dakika moja. Ikihamia kwenye kitambaa, itahamia na kwenye ulimi.

Kisha vuta. Vipimo vya Ulaya vya vitu vya kuchezea huvuta jicho au kifungo kwa nguvu inayokaribia kuning'iniza kilo 9, kwa sekunde kumi. Huna mashine, lakini mkono wako unajua ndoo ya lita kumi ikoje: shika kwa kitambaa ili usiteleze, vuta hivyo hivyo, kisha zungusha. Kinachoachia dukani kitaachia nyumbani. Na chochote kinachopita kwenye kile kigogo cha karatasi kinachobaki katikati ya toilet paper kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu: kifungo, ua la nywele, kiatu cha mdoli, shanga za kiunoni.

Angalia pia alama kwenye boksi. Kuna kiduara chekundu chenye uso wa mtoto na maandishi 0-3, kimepigwa mstari. Wauzaji wengi watakwambia "huu ni wa sifuri mpaka miaka mitatu". Ni kinyume chake kabisa: maana yake usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ukiiona, rudisha boksi.

Plastiki yenye harufu kali, au inayonata vidoleni ingawa imefutwa, iache. Kunata huko ni kilainisho cha plastiki kinachotoka nje. Baadhi ya vilainisho hivyo Ulaya na Marekani vimewekewa kikomo cha asilimia 0.1 ya uzito kwenye vitu vya watoto, na dukani huwezi kujua kwa macho kama kikomo kimezingatiwa.

Kinyago, mwambieni bibi kwa heshima zote kwamba kinangoja. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na ncha za kinyago ni ngumu kwa mtoto anayeanguka mara kumi kwa siku. Vingine hata si mpingo, ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Kiwekeni kabatini, kitamfaa akikua.

FundiMkanaledi

Kushona ni bora, na elfu ishirini itabaki na chenji. Nakupa vipimo.

Kitambaa kiwe cha pamba kisichovutika, kama cha shuka, rangi inayofanana na ngozi ya mtoto. Tisheti inavutika, ukijaza mikono inavimba kama soseji. Loweka usiku kucha kwanza, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika, piga pasi. Usiporuka hatua hii kitambaa kinakuwa kimesharudi kabla ya kushonwa, na rangi haitatoka mdomoni mwa mtoto.

Chora mtu kwenye gazeti, urefu sentimita 32. Kichwa upana 12, shingo 7, kiwiliwili 12, kila mkono 5, kila mguu 6. Nafasi ya mshono ya sentimita 1 kila upande imo humo. Kata vipande viwili. Uso udarizi sasa hivi, kabla ya kuunganisha, ili mafundo ya uzi yabaki ndani ambako meno hayafiki. Macho mawili ya duara na mdomo mfupi vinatosha.

Weka pande za nje zikitazamana, shona kuzunguka, kila hatua ya sindano milimita 2, halafu pita mara ya pili milimita 3 nje ya ule wa kwanza. Acha uwazi wa sentimita 6 ubavuni. Kwapani na shingoni kata vijipengo vifupi bila kugusa uzi, la sivyo ukigeuza kitambaa kinajikunja na kuvuta. Geuza kwa mpini wa mwiko.

Kujaza ndiko watu wanakoharibia. Chambua nyuzi za mto wa polyester, kama gramu 120, vipande vya ukubwa wa limau. Anza na mikono na miguu. Kichwa na shingo vijazwe kwa mkupuo mmoja: nyuzi zianze kichwani, zipite shingoni, ziingie kifuani zikiwa hazijakatika. Ukijaza kichwa peke yake na kiwiliwili peke yake, wiki ya pili kichwa kinalala mgongoni. Funga uwazi kwa uzi wa mara mbili, mishono ya milimita 3, nenda na urudi.

Nywele za sufu ya kufuma usiweke. Uzi mrefu unajizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Mfunge mdoli kilemba cha kitenge, kishonwe kuzunguka kichwa kizima. Nguo zisiwe na vifungo wala kamba, lastiki tu.

Usitumie pini, tumia chaki. Hesabu sindano ulizotoa na ulizorudisha. Ukimaliza pitisha sumaku ya spika mbovu polepole juu ya mdoli mzima. Sindano iliyovunjika ndani haionekani, lakini sumaku inaivuta.

BintiShangani

Asante sana fundi, asante dada. Maswali mawili: nyumbani kuna sufi ya msufi, naweza kujazia hiyo? Na ule unaolia una ubaya gani kama betri zimefungwa?

FundiMkanaledi

Sufi usijazie. Mbegu zake nyeusi hubaki ndani hata ukichambua, vumbi lake linapenya kitambaa, na inashika moto upesi. Kisha haivumilii kufuliwa, inavunjika na kuganda mafungu. Vipande vya godoro navyo hapana: sponji ikizeeka inakuwa unga, na mshono ukifumuka mtoto anang'ata kipande kizima.

MuuguziMikindani

Kuhusu betri. Kama kifuniko hakina skrubu, usinunue kabisa. Na kama betri ni zile bapa kama sarafu, usinunue hata kama skrubu ipo, kwa sababu skrubu hulegea mdoli unapogongwa sakafuni. Hatari kubwa ni ya milimita 20. Inakwama kwenye umio, mate yanakamilisha njia ya umeme, na upande wa hasi unatengeneza magadi makali yanayounguza nyama. Saa mbili zinatosha kuleta jeraha baya.

Dalili zinafanana na mafua au koo: udenda mwingi, kukataa chakula, kukohoa. Ukihisi tu kwamba ameimeza, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo na useme waziwazi neno "betri". Kwenye picha inafanana na sarafu, ila ukingo wake huonekana kama pete mbili. Usimtapishe, usimpe chakula. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja anayeweza kumeza, kama hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali inapunguza kuungua, haiondoi betri, kwa hiyo msichelewe kuondoka kwa kuitafuta.

MleziLindi

Naongeza la ufuaji. Wa kitambaa kizima fua kwa sabuni ya kawaida, kamua ndani ya taulo, anika juani ukigeuza kila saa. Msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, tumbo linachelewa kukauka na ukungu unaanzia ndani. Kabla hujaurudisha, finya tumbo na unuse. Wenye kichwa cha plastiki usiloweke, futa tu. Maji yanaingilia shingoni na hayatoki.

Na akitaka kuubeba mgongoni, mfunge wewe kwa kipande cha kanga kipana, kipite kifuani chini ya makwapa, fundo mbele. Kisikatize shingoni. Akimaliza kucheza kifungue ukiweke juu, asibaki nacho akilala.