Tharia Topan asimamishiwe sanamu Mizingani?

MTOA MADA, MALINDI
Assalaam alaykum jamaa. Jana barazani tumeachana bila ya kuafikiana, nami naileta hoja hapa nisikie na wengine. Mzee wetu mmoja kasema Mji Mkongwe wetu wa Unguja umejaa kumbukumbu za masultani na Waingereza, lakini aliyeanzisha jumba zuri kuliko yote ya ufukweni hana chochote. Anamkusudia Tharia Topan, yule tajiri wa Kihindi wa zama za masultani. Anataka isimamishwe sanamu ya shaba mbele ya jumba lenyewe, Zahanati Kongwe ya Mizingani, uso ukielekea bandarini.

Kuhusu jumba, simpingi. Topan alikuja Unguja kutoka Kachi angali mtoto, akapanda mpaka akakodishwa forodha ya Sultan. Jiwe la msingi la hospitali yake liliwekwa 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki 1891 ujenzi haujesha, mjane wake akaumaliza 1894. Bibi yangu amechukua dawa pale chini, na mpaka leo nikipita naziangalia zile roshani za mbao kama mgeni.

Lakini sanamu siitaki. Huyu ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mtaji wa misafara ya bara, na Tippu Tip mwenyewe kayasimulia hayo. Pembe za ndovu hazikuja pwani peke yake. Zililetwa mabegani mwa watu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kubeba. Ondoka Mizingani kwa miguu uende Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Pale pana shimo, na ndani yake sanamu za watu watano, minyororo ya kweli shingoni, waliowekwa na msanii wa Sweden mwaka 1998. Hawana majina. Ili uwaone lazima uiname. Sasa tumpandishe juu ya nguzo aliyetoa mkopo, na waliobeba tuwaache shimoni? Mimi moyo wangu haukubali.

MCHANGIAJI, SHANGANI
Waalaykum salaam. Ndugu yangu wa Malindi, kwa kipimo hicho nani atabaki? Sultan wetu Seyyid Barghash alituletea maji ya mfereji kutoka Chemchem, Bububu, watu wakanywa bure. Utajiri wa ufalme wake ulitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Mbona Beit al-Ajaib, jumba lake, ilipoporomoka Disemba 2020 sote tulilia, na hakuna aliyesema iache ianguke? Topan angeweza kuzihamishia fedha zake zote Bombay. Akaamua kujengea wagonjwa wa mji huu. Watoto wa skuli wanapita pale kila siku na jina lake hawalijui. Wanaolitaja ni mapapasi, wale vijana wanaowafuata watalii njiani, nao humwambia mtalii lolote linalowajia mdomoni. Sanamu ingemlazimisha mtoto kuuliza.

MCHANGIAJI, NG'AMBO
Mimi sina maneno mengi. Sanamu ya mtu, tena Muislamu, kwenye njia ya watu wanaokwenda kusali, haitakaa kwa amani, na tusijifanye hatulijui hilo. Wazee wetu walikumbukwa kwa kisima, kwa msikiti, kwa shamba la wakfu. Sadaka yenye kuendelea, basi. Halafu sanamu huja na kuondoka kwa amri ya mwenye nguvu: Dar es Salaam Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaja, na pale pale 1927 wakaweka sanamu ya askari wao.

Na jengine. Nyote mnasema Topan, Topan. Aliyelimaliza jumba ni mwanamke aliyefiwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwombea sanamu.

MTOA MADA, MALINDI
Dada wa Ng'ambo, hilo la mjane umenishika nalo. Nimelitaja kisha nikalipita.

Bwana wa Shangani, Beit al-Ajaib nililia nami. Ila jumba unaliingia, unazunguka, unauliza nani alilijenga na kwa fedha gani, na majibu yote mawili yanaweza kukaa chini ya paa moja. Mtu wa shaba juu ya nguzo tumeshamhukumia kuwa mwema kabla mtoto hajafungua mdomo. Hapo ndipo tunapoachana. Kuhusu jina lake kutojulikana, uko sawa kabisa, na ni aibu yetu.

Basi ombi langu ni kibao langoni mwa Zahanati, cha Kiswahili kwanza, herufi kubwa za kusomeka na mtoto. Kimtaje Topan na hospitali yake, mjane aliyeimaliza, mafundi wa Kihindi waliochonga zile mbao, mkopo wa Tippu Tip, na wale wapagazi. Rasimu nitaiandika wiki hii. Ijumaa baada ya sala naileta barazani, na ningependa Bwana wa Shangani awe wa kwanza kuikosoa, Mzee wetu wa pili.