Naomba ushauri: kikundi chetu cha mawese kijiunge na chemba ya biashara?

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Tupo Ujiji, Kigoma, kikundi cha akina mama na vijana tunaouza mawese na dagaa. Wanunuzi wetu wa Bujumbura sasa wanataka cheti cha uasili wa bidhaa (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani), na moja ya kazi za TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania iliyoanzishwa 1988, ni kutoa vyeti hivyo.

Kikundi kimesajiliwa halmashauri na TIN (namba ya mlipakodi) tunayo. Mawese tunayachuja vizuri, tunajaza madumu ya lita 20. Kinachotugawa ni ada: baadhi ya wenzetu wanasema chemba ni ya wenye maghala, sisi wa madumu tutachangia bure. Mimi sikubaliani nao. Mama mmoja akilalamikia ushuru pale bandarini nani atamsikiliza? Chemba angalau ina kiti kwenye Baraza la Biashara la Mkoa, ambako serikali na wafanyabiashara hukutana.

Naombeni mnisaidie: kikundi kinaweza kuingia kama mwanachama mmoja, au kila mtu lazima awe na leseni yake? Na mliojiunga, Kigoma au hata Tabora, chemba iliwahi kuwasemea kuhusu ushuru mkaona mabadiliko?

Kikao chetu ni Jumamosi. Natanguliza shukrani.