Uzio wa umeme, seng'enge au mchungaji: tuanze na kipi katika malisho ya mzunguko Handeni?

Mfugaji_Mkata
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina ekari 40 karibu na Mkata, wilayani Handeni, na ng'ombe 18, wengi wao zebu na wachache machotara wa Borani. Eneo limechungwa mfululizo kwa miaka mingi, kiasi kwamba jirani na kisima hakuoti kitu isipokuwa magugu, ilhali upande wa mbali majani yanakomaa na kukauka bila kuguswa. Nataka ardhi ipate kupumzika kwa zamu, nami nimebaki na njia tatu: seng'enge ya kudumu, uzio wa umeme wa sola unaohamishika, au mchungaji mwenye vipande vilivyopimwa bila uzio wowote. Kwa mfuko mdogo, ipi itangulie?

Jirani_Korogwe
Anza na hesabu ya mapumziko. Chukua siku unazotaka kipande kipumzike, zigawanye kwa siku ambazo kundi litakaa katika kipande kimoja, kisha ongeza kimoja. Ukitaka mapumziko ya siku 42 na malisho ya siku 3, unahitaji vipande 15. Kuvizungushia seng'enge vyote hivyo ni gharama ambayo ng'ombe 18 hawatairudisha leo wala kesho, na nguzo ikishachimbiwa haihami, wakati anayeanza huwa hajajua bado ardhi yake inataka kugawanywa wapi. Seng'enge iishie mpakani. Ndani weka waya wa umeme. Kasoro zake ni mbili: masika majani marefu yakigusa waya umeme huvuja, na kiangazi udongo mkavu huifanya fimbo ya ardhini, ile inayokamilisha njia ya umeme kupitia udongo, isishike vizuri, hivyo ng'ombe anaugusa waya, hapati mshtuko wa maana, na tangu hapo hauheshimu tena.

Mama_Ndama
Kaka wa Korogwe, hesabu yako naikubali, ila umesahau kwamba paneli na betri porini zinahitaji mlinzi, na mlinzi huyo ni mchungaji yule yule ambaye Mfugaji tayari anamlipa. Wasukuma wametenga ngitili na Wamaasai alalili, yaani maeneo ya malisho yanayoachwa yapumzike, bila waya. Kinachobadilika ni maagizo: kundi likae pamoja badala ya kutawanyika, mipaka ya vipande iwe miti iliyopakwa chokaa, na ng'ombe waondoke majani yakiwa yamebaki urefu wa shubiri, kwa kuwa majani yaliyobaki ndiyo yanayoulisha mzizi upate kuchipua upya. Usiku walale katika zizi la kuhamishika, likiwekwa pale penye upara karibu na kisima na kusogezwa kila baada ya siku chache. Samadi, mkojo na kwato zitafanya kazi ambayo trekta ungeikodi. Mimi ningeanza hapo, waya ufuate baadaye.

Tabibu_Pangani
Naunga mkono mchungaji, kwa tahadhari mbili. Kwanza, msiache kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Mapumziko ya siku 42 hayamalizi kupe, kwani wachanga wao huweza kukaa kwenye majani kwa miezi bila kula, na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, haisubiri, ndama wachanjwe. Pili, tafiti nyingi za nyanda za malisho hazikuona mzunguko ukiongeza majani pale idadi ya mifugo ilipobaki ile ile. Zebu wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku, na kiangazi kikirefuka, kuuza wawili mapema kuna faida kuliko kugawa upya vipande.

Mfugaji_Mkata
Nashukuru sana. Nimeelekea kwa mchungaji na zizi. Je, maji? Kisima ni kimoja.

Jirani_Korogwe
Hapo ndipo pesa ya waya iende. Kadiria lita 40 kwa ng'ombe mmoja wakati wa joto, yaani lita 720 kwa siku kwa kundi lako. Nunua bomba la plastiki na tangi, weka birika katikati ya eneo ili lihudumie vipande kadhaa, na ulizungushie kokoto, maana likikaa kwenye udongo mtupu utapata tope, na upara wa pili kama ule wa kisimani.