MJADALA: Dau la wazi au dau la siri kwa wachezaji huru? Tuamue kabla msimu haujafunguliwa

Mpigaji wa Tisa
Wakuu habari za jioni. Kwa ambao hamjui, hapa Bagamoyo tuna ligi yetu ya besiboli ya kwenye kompyuta, kila mmoja ana timu, programu ndo inacheza mechi, sisi kazi yetu kusajili, kuuza, kubadilishana na kupanga kikosi. Msimu ukiisha kuna wachezaji mikataba yao imekwisha, hao ndo wachezaji huru, na sheria ya sasa inasema dau ni la wazi, linakaa masaa 48, saa ikigonga aliye juu ndo kamchukua, basi.

Sasa mmeona yaliyotokea kwa yule pitcha (mrusha mpira) wa kushoto wa miaka 27. Dada wa Nianjema alishaweka milioni 11 kwa mwaka (hela za mchezo jamani, msije mkamkopa), amekaa juu siku nzima hakuna anayemgusa, mnada unafungwa saa sita kamili usiku, saa 5:59 anaibuka mtu na milioni 11 na laki moja. Nianjema umeme umekatika, simu haina chaji, mpaka anakuja kuwasha asubuhi pitcha kashavaa jezi ya wengine. Na huyo aliyemchukua hakuvunja sheria hata moja, ndo tatizo lenyewe hilo. Sheria inampa zawadi anayekesha na bando, haimpi anayemtaka mchezaji kuliko wenzie.

Mi napendekeza dau la siri. Kila timu inaandika dau moja tu, yanafunguliwa yote kwa pamoja, wa juu anachukua ILA analipa kiasi cha yule wa pili na kidogo juu yake. Mchumi mmoja, William Vickrey, alishaandika habari hii mwaka 1961 na 1996 wakampa Nobel, kwaiyo sijaota. Uzuri wake ni kwamba unaandika bei yako ya kweli, ile ambayo ikizidi hapo unasema mwacheni aende, hakuna haja ya kuvizia mtu wala kubana. Karibuni.

Kijana wa Dunda
Kwan mbona hamsemi jina, ni mimi niliyeweka saa 5:59 😂 Aisee msinichafue, mchezo ni mchezo. Kuvizia nako ni akili, nimekaa nimesoma bajeti ya kila mtu nikajua nani ana nafasi na nani hana. Mkiweka siri mnaua utamu wote, ule usiku wa mwisho ndo watu wote wanakuwa macho, ndo ligi inakuwa hai. Mnataka tuandike barua kama tunaomba kazi halmashauri?

Dada wa Nianjema
Mdogo wangu sina ugomvi na wewe, pitcha ulimpata kihalali na nimeshakupongeza. Ila usiniambie ni akili wakati ulichonizidi ni transfoma. Ningekuwa na mwanga ningeenda mpaka 14, unajua hilo. Kwaiyo wewe umempata kwa 11.1 mtu ambaye mwenzio alikuwa tayari kumlipa 14, alafu unasema soko limefanya kazi.

Mwalimu Mstaafu
Nawasalimu wote. Vijana, hiki kitu mnachobishania wenzetu walishakipitia kwa hela za kweli, ngoja niwape kidogo.

Ligi kuu ya Marekani ilipokuwa inachukua wachezaji wa Japani walio bado na mikataba, kuanzia 1998 mpaka 2013 ilitumia dau la siri kabisa. Kila timu ya Marekani inaandika kiasi kimoja, wa juu anapata haki ya kuongea na mchezaji peke yake kwa siku 30, na ile hela inaenda kwa klabu ya Japani, sio kwa mchezaji. Mwaka 2006 Boston Red Sox waliweka dola milioni 51 na ushee ili tu waruhusiwe kuongea na pitcha Daisuke Matsuzaka, alafu wakampa mkataba wa milioni 52 kwa miaka sita. Msimu huohuo New York Yankees nao wakaweka kama milioni 26 kwa pitcha mwingine, Kei Igawa. Huyo Igawa kacheza mechi 16 tu kwenye ligi kuu, na wastani wake wa kufungwa ni 6.66. Wasioijua besiboli: pitcha mwenye namba hiyo hapangwi, anafichwa.

Ndo hatari ya siri hiyo. Unayeshinda mara nyingi ni wewe uliyekosea hesabu kwa juu kuliko wote, na hakuna wa kukushtua maana madau ya wenzio huyaoni. Kwenye dau la wazi ukiona wote wameishia 9 na wewe uko 15 unajikuna kichwa.

Desemba 2013 wakabadilisha, wakaweka kikomo cha milioni 20, na kila timu iliyo tayari kuitoa ikaruhusiwa kuongea na mchezaji. Masahiro Tanaka akaingia kwa mlango huo, akasaini na Yankees milioni 155 kwa miaka saba. Yaani hela ilitoka kwenye bahasha ya klabu ikahamia kwa mchezaji.

Mpigaji wa Tisa
Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa historia, lakini mfano wa Matsuzaka mbona unanisaidia mimi. Pale Boston walilipa dau lao lote, hata wa pili angekuwa ameweka nusu yake. Mimi nasema ulipe la pili. Ukikosea kwa juu, wenzio wanakurudisha chini bila hata kujua. Igawa angekuwa kwenye ligi yetu Yankees wangelipa alichoandika aliyewafuata, wasingepona kabisa ila jeraha lingekuwa dogo.

Bahari Yote
Mi sina maneno mengi, niko baharini siku nyingi, mtandao ukipita Kaole kwenda nje ni wa kuotea. Sheria ya sasa imeshanitoa kwenye usajili misimu yote. Ila na mimi nina swali, mbona mnaongea kama kuna njia mbili tu? Njooni pale mnadani asubuhi majahazi yakiingia. Dalali anamwaga samaki aina ya changu chini kwenye turubai, anaanza elfu thelathini, mama wa kukaanga anasema thelathini na tano, mwenye hoteli arobaini, dalali anazunguka anawatazama usoni mmoja mmoja, hakuna anayefungua mdomo, ndo anagonga. Hakuna saa pale. Akitokea mtu wa kusema arobaini na mbili mnada unaendelea. Kwaiyo wekeni wazi, ila kila dau jipya liongeze masaa 12, kwisha habari ya kuvizia, na mimi nikirudi pwani nakuta bado kupo wazi.

Dada wa Nianjema
Hapo Bahari Yote umeongea 👏🏾 hiyo hata mimi naikubali.

Kamishna
Wakuu, nimenyamaza makusudi ila hapa lazima niseme kama mtu anayeendesha hii kitu. Hiyo ya kuongeza masaa nzuri kwenye maelezo, lakini samaki anaoza, pitcha haozi. Dalali ana haraka, mnunuzi ana haraka, jua linapanda. Sisi hakuna anayeharakishwa na chochote, watu wataongeza laki moja moja kila masaa 11 mpaka msimu unaanza wachezaji bado wako sokoni na mimi ndo nasubiri nisave faili. Mkiitaka basi kila dau lizidi lililopo kwa asilimia 5 angalau, chini ya hapo silihesabu.

Na ya siri nayo ina shida nyingine ambayo mnaogopa kuisema usoni kwangu kwahiyo naisema mwenyewe. Madau yatakuja kwangu, na mimi nina timu. Nikiona umeandika 9 mimi nikaandika 9.1 nani atajua?

Kijana wa Dunda
ASANTE kamishna. Hilo ndo nilikuwa nalisubiri. Na sio wewe tu, hata watu wawili marafiki wanaweza kupangana, "wewe chukua kecha, mi naacha, uniachie shotistopu", yaani wanagawana wachezaji wa nafasi hizo za uwanjani.

Mwalimu Mstaafu
Kupangana hakuhitaji siri, mwanangu. Wamiliki wa timu za Marekani kati ya 1985 na 1987 walielewana chini kwa chini wasigombanie wachezaji huru. Mwaka 1987 mchezaji huru Andre Dawson alivyoona hakuna anayemtafuta akawapelekea Chicago Cubs mkataba mtupu, akawaambia andikeni nyie bei. Wakaandika dola laki tano. Mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa ligi. Wachezaji wakashtaki, waamuzi wakawapa haki, na mwaka 1990 wamiliki wakakubali kulipa milioni 280. Na moja ya michezo yao ilikuwa kupashana habari nani kaweka dau gani. Kwaiyo dau kuonekana na wote ndo kulikuwa chombo chao. Kwenye siri huwezi kumhakikishia rafiki yako kama ameshika ahadi mpaka bahasha ifunguliwe, na hapo ameshakula kecha na shotistopu.

Fundi Simu Magomeni
Ya kamishna kuona madau mbona rahisi tu mnaipa uzito bure. Andika dau lako kwenye faili, lifunge kwa nywila, litupie kwenye grupu mbele ya wote kabla ya muda. Kila mtu analo, hakuna anayeweza kulifungua, hata kamishna, na wewe huwezi kulibadilisha mana limeshatoka mikononi mwako. Muda ukifika kila mtu anataja nywila yake, mnafungua wenyewe. Hata Bahari Yote anaweka faili lake jumatatu anaenda zake kuvua, nywila anamwachia shemeji. Simu yoyote inafanya, asiyejua aje dukani bure, soda tu.

Kijana wa Dunda
Haya na akijuta? Mtu kaandika 18, akaona wenzie wamefungua 10, 11, anasema nywila nimesahau.

Fundi Simu Magomeni
Nywila ikisahaulika ndani ya siku moja, kiasi kikubwa kilichotajwa siku hiyo kinakatwa kwenye bajeti yake kama faini na mchezaji hapati. Ataikumbuka tu.

Mwalimu Mstaafu
Na hiyo faini isiwe ndogo. Mwaka 2010 timu ya Oakland ya Marekani walishinda dau la pitcha wa Japani, Hisashi Iwakuma, wakashindwa kuelewana nae, na kwa sheria ile hela yao ikarudi yote. Jamaa akabaki Japani mwaka mzima mwingine. Timu nyingine zilizomtaka zimezuiwa, yeye amezuiwa, na Oakland hawakupoteza hata senti. Akaja kuingia Seattle 2012 na mwaka 2015 akarusha mechi nzima bila mpinzani kupiga hata moja safi. Dau lisilouma mtu akilitelekeza ni dau la kuzibia wenzio njia.

Dada wa Nianjema
Nimeanza kuhama kwa Bahari Yote narudi kwenye siri 😅 ila Mpigaji nijibu hili mana naona wote mnaliruka. Sisi hatuweki namba moja, tunaweka hela NA miaka. Mimi nikisema milioni 12 kwa miaka minne, mwenzangu milioni 15 kwa miaka miwili, nani wa juu? Na hilo "dau la pili" nalilipaje, la kwake la miaka miwili au la kwangu la minne?

Mpigaji wa Tisa
Swali zuri dada na jibu lipo. Kila mwaka tunaupa uzito: wa kwanza 1, wa pili 0.8, wa tatu 0.6, wa nne 0.4, na minne ndo mwisho. Mana mchezaji anapenda hela ya karibu, ya mbali haina uhakika. Wewe 12 mara 2.8 inakuja 33.6. Mwenzio 15 mara 1.8 inakuja 27. Umeshinda. Unabaki na miaka yako minne ulioandika, ila mshahara unashushwa mpaka alama zako zipite 27 kidogo tu, yaani kama milioni 9.7 kwa mwaka. Hugusi miaka ya mwenzio.

Na hapohapo tuzibe ule mwanya wa wazee. Mnajua ninachosema, kuna mtu (sio mimi) kampa pitcha wa miaka 37 mkataba mrefu wa hela kubwa ili alama zipande, akijua programu itamstaafisha baada ya mwaka na mkataba unafutika kwenye vitabu. Huko Marekani timu ya Dodgers walimpa mchezaji Shohei Ohtani dola milioni 700 kwa miaka 10 mwishoni mwa 2023, na 680 kati ya hizo zimesogezwa mbele, zitalipwa baadae kabisa, watu wakapiga kelele eti ujanja. Lakini zile zitalipwa, na kwenye hesabu za kodi ya mishahara (inayotozwa timu ikizidisha kiwango cha mishahara) anahesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka. Ya kwetu hailipwi kabisa! Kwaiyo akistaafu, miaka iliyobaki ibaki kwenye bajeti ya aliyemsajili.

Kijana wa Dunda
Huyo mtu ni mimi tena, sasa naona mjadala mzima ni kesi yangu. Hilo la wazee nalikubali, mwanya niliuona nikautumia, uzibeni. La siri bado siafiki. Timu mpya ikija itajuaje bei za soko? Mimi nilijifunza bei kwa kuangalia wenzangu wanavyopanda.

Kamishna
Madau yote yakishafunguliwa yanabaki wazi, la kwanza mpaka la mwisho. Timu mpya itaona zaidi ya sasa, mana sasa tunaona ulipoishia tu, hatuoni ulikuwa tayari kufika wapi.

Kijana wa Dunda
Mh. Hapo sina jibu la haraka. Basi tufanye hivi, wachezaji kumi ghali zaidi wawe siri kwa faili la fundi, waliobaki wawe wazi kwa ile ya asilimia 5 na masaa 12. Usiku wetu wa kukesha mtuachie hata kwa wachezaji wa benchi.

Bahari Yote
Mi sawa. Nikiwa nje wa benchi mniibie tu, hao wakubwa nimfundishe shemeji nywila.

Mpigaji wa Tisa
Kumi wachache, mi nasema ishirini. Kamishna weka kura ya namba hiyo peke yake, kura ifungwe ijumaa saa mbili usiku, na tafadhali sio saa sita.