Wavuvi wa ndoana, nailoni mnazotupa ufukweni zinaumiza watu na kuua ndege!

Wakuu, hili limevuka mpaka. Mtu anavua kutwa, mshipi ukimvurugikia anakata pande la mita kumi, analitupa majanini, anabeba samaki wake huyo anakwenda. Kesho yake hapo hapo watoto wanaogelea, watu wanapiga mahema na kutembea pekupeku. Nailoni ikilowa haionekani. Mguu ukinasa, kadiri mtu anavyojivuta ndivyo kitanzi kinavyokaza, na mwisho wa uzi mara nyingi kuna ndoana.

Mnandi na bata ndio wanaoteseka zaidi. Uzi unajizungusha mguuni, unakata damu, mguu unaoza. Chubwi, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha ndoana, nazo ni sumu: ndege wa majini humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na chubwi ndogo kwake ni changarawe tu. Inasagika, inayeyuka, inaingia kwenye damu. Uingereza ilipiga marufuku kuuza nyingi ya chubwi hizo ndogo mwaka 1987. Bado kuna watu wanazibana kwenye mshipi kwa meno! Shikeni koleo, na mkipata za bati au chuma nunueni hizo, hata kama ni kubwa kidogo kwa uzito ule ule.

Wenye mashua, msidhani hayawahusu. Nailoni ikivutwa na propela hujikunja nyuma yake kwenye shafti, inapata joto, inakata sili, ule mpira unaozuia maji. Maji yanaingia kwenye gia. Fungua oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imekwisha, na ukiendelea kuendesha gia zinasagika. Vueni propela mara kwa mara mkague shafti. Sili ni kitu kidogo, gia siyo.

Kisingizio kikubwa ni "ilinasa kwenye jiwe". Inanasa, ndiyo, ila nyuzi ndefu zinabaki kwa sababu watu wanakata haraka. Kwanza legeza mshipi, utikise, kisha sogea pembeni uvute kutoka upande mwingine. Mara nyingi ndoana hutoka ilikoingilia. Ikigoma, usipinde fimbo, itavunjika. Zungusha uzi kwenye kijiti, kamwe si mkononi, geuza uso, rudi nyuma taratibu hadi ukatike. Nailoni huvutika, na chubwi ikiachia inarudi kama jiwe la manati.

Na ukatike wapi? Hilo unalipanga kabla ya kurusha. Mshipi mkuu ukiwa wa kuhimili kilo 6, kipande cha uzi kinachoshika ndoana kiwe cha kuhimili kilo 4, utapoteza sentimita chache tu. Fundo lilowesheni mate kabla ya kukaza. Likikazwa kavu linapata joto, linadhoofika, na linakatikia pasipotakiwa. Ule mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha ya ndoana ubonyezeni kwa koleo hadi ulale, ndoana itoke kirahisi, iwe kwenye samaki au kwenye kidole cha mtu. Ikimpata mtu karibu na jicho, msiiguse, mpelekeni hospitali.

Mabaki msichome kwenye moto wa kambi, yanayeyuka na kubaki vidonge vya plastiki mchangani. Chukua chupa tupu, toboa tundu, sokomeza uzi wote humo, funga kifuniko, ondoka nayo. Dakika mbili! Mnashindwa nini?