Je, majengo ya umma Dodoma yafungwe kamera za ndani kwa ajili ya matetemeko?

Mleta mada: Ndugu zangu, mkoa wetu umekaa juu ya tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa takriban 5.5 liliutikisa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, ghorofa zimeongezeka kutoka katikati ya mji hadi Mtumba. Napendekeza kila jengo la umma la ghorofa tatu na zaidi lifungwe kamera ndani ya vyumba, ili likitokea la kutokea waokoaji wajue watu walikuwa wapi, na wahandisi waone ni kitu gani kilitangulia kuanguka. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, ingawa halikuangushwa na tetemeko, waokoaji walikesha siku kadhaa wakiwatafuta waliofukiwa. Picha za dakika za mwisho zingepunguza kubahatisha.

Mchangiaji: Nakushukuru kwa mada, ila siiungi mkono jinsi ilivyo. Tuanze na kile ambacho kamera inakiona. Inaona dari, vioo na samani, na hapo ina faida ya kweli, kwa sababu vitu hivyo huumiza watu hata pale nguzo zinaposimama imara. Lakini hayo yanajulikana tayari: Japani, kwenye kituo cha E-Defense kilichoanza kazi mwaka 2005, majengo halisi hutikiswa kwa mitambo huku kamera zikiwa ndani. Masijala nyingi za ofisi zetu zina makabati ya chuma yanayokaribia kugusa dari, mafaili yamerundikwa hadi juu ya kabati, na karani ameketi chini yake. Hatuhitaji kumrekodi karani huyo mwaka mzima ili tujue kabati litamwangukia. Tunahitaji fundi aje alifunge ukutani kwa skrubu.

Kiini cha jengo, yaani nguzo na boriti, kamera haikioni, kwa kuwa nyufa za mwanzo hujificha nyuma ya plasta na dari. Isitoshe, kamera iliyofungwa darini inatikisika pamoja na dari, na kwa kawaida inapiga picha zipatazo 25 kwa sekunde, wakati kipima mtetemo kinachukua vipimo 100 au zaidi kwa muda huohuo. Umeme nao ukikatika, na mashine ya kurekodia ikiwa chumba cha mlinzi chini ya zege lilelile, tutabaki na nini?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni matumizi ya kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisigeuziwe matumizi mengine. Kamera ikishakaa juu ya meza za watumishi, nani atamzuia mkuu wa idara kuitumia kuhesabu nani amechelewa? Mtumishi wa ngazi ya chini hana ubavu wa kuhoji.

Mleta mada: Hoja ya masijala naipokea bila kinyongo. Hata hivyo usiidharau kamera ya kawaida. Tarehe 28 Machi 2025 nchini Myanmar, kamera ya ulinzi ambayo haikufungwa kwa ajili ya sayansi ilinasa ardhi ikipasuka na kusogea, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wakapima katika picha hizo msogeo wa takriban mita 2.5 ndani ya sekunde 1.3. Basi narekebisha pendekezo: kamera ziwe kwenye korido na ngazi tu, picha zijifute baada ya saa chache isipokuwa kihisi cha mtetemo kimeshtuka, ziwe na betri yake, nakala itunzwe nje ya jengo, na ruhusa ya kuzifungua iwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wala si kwa mwajiri.

Mchangiaji: Kwa masharti hayo, korido na ngazi nakubali, maana ndiko watu hukanyagana na ndiko mlango uliofungwa kwa kufuli huonekana. Fedha ndiyo inayotutenganisha bado. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba nyingi za matofali ambazo hakuna ambaye angezifunga kamera. Kwa hiyo bajeti ya kwanza iende kwenye ukaguzi wa majengo na kufunga makabati, na kamera zisubiri mwaka wa fedha unaofuata. Je, hilo nalo unalikubali?