Chini ya Matao ya Bologna: Gumzo la Ukoo

Zainabu: Shikamooni wazee wangu, na wenzangu hamjambo. Leo nimeutembea mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia, tangu asubuhi. Mvua haikukatika, nami mwavuli sikuufungua hata mara moja, kwa sababu karibu kila mtaa wa mji wa kale una ukumbi mrefu wa nguzo na matao kando ya njia, na juu ya matao hayo ndimo watu wanamoishi.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Kumbi hizo ni za serikali au za wenye nyumba?

Zainabu: Hapo ndipo niliposhangaa, Shangazi. Ukumbi ni wa mwenye nyumba, naye ndiye mwenye wajibu wa kuutunza, lakini njia ni ya kila mpitaji. Zamani watu walizidi mjini, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu ambacho mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1088, basi wenye nyumba wakatokeza vyumba vya juu hadi barabarani na kuvishikiza kwa nguzo za mbao. Mwaka 1288 mji ukaagiza kwamba nyumba mpya zote ziwe na kumbi. Leo ukiziunganisha zote zinafika kilomita 62.

Shangazi Mwanaidi: Basi hao ni jamaa zetu. Baraza ya babu yenu hapa Mji Mkongwe ni ya nyumba yake, na saruji alinunua mwenyewe, lakini hakupata kumwuliza mtu kwa nini ameketi.

Kaka Hamadi: Na chakula, Zainabu? Nasikia mji huo unasifika kwa vyakula.

Zainabu: Unasifika kwa haki, Kaka. Katika vichochoro vya soko la Quadrilatero nilisimama mbele ya kioo nikimtazama mama mmoja akikunja tortellini: anakata donge lililosukumwa jembamba kuwa vipande vidogo vya mraba, anaweka mjazo usiozidi punje ya kunde, anakunja pembetatu, kisha anaizungusha kwenye ncha ya kidole na kubana pembe mbili. Nilitazama tu, maana mjazo wake ni nyama ya nguruwe, na hata mchuzi wa nyama wanaokula na tambi bapa hutiwa nguruwe. Niliuliza kabla ya kuagiza, nikaletewa tortelloni, ambazo ni kubwa zaidi, zimejazwa jibini laini na kotimiri ya Kizungu, zikielea katika siagi. Nilishiba, alhamdulillahi.

Salma: Dada, ile minara miwili tunayoiona pichani bado imesimama?

Zainabu: Imesimama, Salma. Asinelli una urefu wa mita 97. Jirani yake, Garisenda, umeinama kiasi cha kutia hofu, na tangu 2023 umezungushiwa uzio ili mafundi wauimarishe. Mimi lakini kilichonigusa zaidi ni kuba lililo chini ya jumba la Podestà, karibu na uwanja mkuu. Nilisimama kwenye pembe nikiuelekea ukuta, na bibi mmoja nisiyemjua akasimama pembe ya mkabala, naye ameupa uwanja mgongo. Alinong'ona “buongiorno”, na sauti ikanifikia sikioni kana kwamba tumekaa mkeka mmoja, ingawa kati yetu watu walikuwa wakipita na kuzungumza.

Shangazi Mwanaidi: Subhanallah. Kesho unakwenda wapi?

Zainabu: Nitafuata ukumbi unaopanda hadi kanisa la San Luca mlimani. Una matao 666 na urefu unaokaribia kilomita nne. Mwanzo ni tambarare hadi tao la Meloncello, na kutoka hapo ni kupanda tu.

Shangazi Mwanaidi: Basi ukifika hapo Meloncello uketi kwanza, unywe maji, ututazamie kama wenyeji wameweka mahali pa mzee kupumzika.

Zainabu: Nitatazama, Shangazi, na picha nitakutumia nikiwa papo hapo.